Mwanangu Anakula Amesimama

Alhamisi, 1 Septemba 1988

Daftari hili kanipa Nadine. Alilinunua siku mbili kabla hajaondoka, akaliweka juu ya friji pamoja na kalamu, akasema, "Mama, kila siku andika hata mstari mmoja. Nikirudi nataka kusoma mavuno yote niliyoyakosa." Nikamwambia mimi niliacha shule darasa la sita, niandike nini? Akasema, "Andika unavyosema. Kusema hakujawahi kukushinda." Haya, ndiyo naandika.

Amefika. Simu ililia jana asubuhi, dakika mbili tu, sauti kama inatoka ndani ya pipa. Yuko Angers, mji wa Ufaransa ambao mpaka Pasaka sikujua kama upo. Chuo chake kimempeleka kusoma huko mpaka Krismasi, na anakaa nyumbani kwa mjane mmoja, Bi Rabouin. Katika ukoo wa Lagassé na ukoo wa kwetu, hakuna aliyewahi kupanda ndege kwenda kusoma. Rosaire, mume wangu, mbali kabisa alikofika ni jeshini.

Pale uwanja wa ndege Boston nilimshika mabega, nikamwambia: "Huendi hotelini, unakwenda nyumbani kwa mtu. Amka kabla ya mwenye nyumba. Usiache sahani yako ioshwe na mwingine. Wenzako wakikaa, wewe angalia mezani panakosekana nini. Asije mtu akasema mtoto wa Lorette ni mzigo." Akaitikia kila neno. Rosaire akasema, "Mwachie mtoto apande ndege, mama. Anakwenda kusoma, haendi kuposwa."

Jumamosi, 3 Septemba

Sanduku la barua tupu. Rosaire anasema barua haiwezi kufika kabla haijaandikwa. Sikucheka.

Jumatano, 7 Septemba

Clovis Daigle, mwenye mashamba tunayovuna kila mwaka, amepiga dawa ya kukausha majani ya viazi, na yameanza kunyauka. Wiki mbili ngozi ikomae, tuanze kuvuna. Sanduku tupu.

Jumatatu, 12 Septemba

Barua! Kurasa nne, mbele na nyuma. Nimeisoma nimesimama barabarani mpaka lori la maziwa likanipigia honi.

Anasema nyumba ni nyembamba na ndefu kwenda juu, kama imebanwa na zile za jirani. Anasema mto unaopita mjini unaitwa Maine, sawasawa na jimbo letu, na siku ya kwanza alipoliona jina hilo kwenye kibao darajani alisimama akacheka peke yake mpaka mzee mmoja akamuuliza kama anaumwa. Chumba chake kina dirisha la kutazama bustani. Bi Rabouin ana miaka sitini na kitu, haongei sana, anapika vizuri. Kisha akaandika: "Usijali, Mama. Kila siku naamka kabla yake. Ameshangaa sana."

Nikaenda nayo barua mpaka kwa wifi yangu Alvine, dada yake Rosaire, nikamsomea hapo hapo jikoni kwake.

"Umesikia? Wamemshangaa."

Alvine alikuwa anamenya tufaha. "Wamemshangaa kwa uzuri au kwa ubaya?"

"Wifi, kwako wewe kila kitu lazima kiwe na upande wa pili."

"Hata chapati zetu za ploye zina pande mbili, ila upande mmoja ndio haupikwi."

Sijui kwa nini naongea na huyu mwanamke.

Ijumaa, 16 Septemba

Nimeosha glovu, nimetafuta buti. Kitanda cha Nadine nimekibadilisha mashuka. Hakuna aliyelala pale, lakini nimebadilisha.

Jumatatu, 19 Septemba

Tumeanza. Shule zimefungwa wiki tatu kwa ajili ya mavuno kama kila mwaka, na saa kumi na moja u nusu asubuhi redio ikaanza kutaja majina: watu wa fulani waende shambani saa moja, watu wa fulani wasubiri. Nilipolisikia jina la Clovis nilikuwa nimeshavaa.

Mimi na Alvine tumesimama juu ya mashine, ubavu kwa ubavu, kama tulivyofanya kila mwaka kwa miaka kumi na minane. Trekta inavuta, viazi vinapanda na udongo, mkanda unavipitisha mbele yetu, nasi tunatoa mawe na madongo kabla hayajaingia kwenye lori la Rosaire. Mwaka jana kati yetu alisimama Nadine. Leo nilinyoosha mkono kulia nikidhani namgusa yeye, nikamgusa Alvine.

"Una nini wewe?"

"Nilidhani jiwe."

"Asante sana."

Jumatano, 21 Septemba

Barua ya pili. Ukurasa mmoja, na haujajaa. Masomo mazuri, hali ya hewa nzuri, "ninakula vizuri." Hakusema anakula na nani. Ya kwanza ilikuwa na mto na mzee wa darajani na dirisha. Hii ina hali ya hewa. Nimemwambia Rosaire, akasema mtoto ana masomo. Nimemwambia mtoto huyu akiwa na furaha anaandika mpaka pembeni mwa karatasi. Naye anajua.

Alhamisi, 22 Septemba

Jalidi. Asubuhi majani yalikuwa meupe kama yamemwagiwa chumvi. Redio ikasema watu wa Clovis wasubiri mpaka saa nne, maana viazi vikichimbwa na baridi vinachubuka, halafu vinaozea ghalani. Ndiyo sababu nilikuwa nyumbani simu ilipolia saa mbili u nusu.

Ilikuwa ni Bi Hartley, yule mama wa chuoni anayeshughulika na wanafunzi wa nje. Kiingereza changu ni cha dukani, kikipata hofu kinajificha kabisa. Akaanza: "Mama Lagassé, kwanza nataka uelewe kwamba hakuna mtu aliyefanya kosa." Mtu akianza hivyo, jua kosa lipo.

Akasema Bi Rabouin amewaandikia. Anasema Nadine hakai. Tangu aingie nyumba ile hajakaa mezani hata siku moja. Anapakua chakula, anampa mwenyeji wake, halafu yeye anakula amesimama karibu na sinki, sahani mkononi. Akiombwa akae anasema asante, niko sawa hapa. Vyombo anaviosha mwenzake hajamaliza. Asubuhi mama wa watu anashuka anakuta sakafu imepigwa deki, tena inang'aa. Anasema anajisikia ameletewa mtumishi ambaye hakumwomba, na jirani ameshamuuliza siku hizi anamlipa yule msichana nini. Hawezi tena.

Nikamwambia, "Yaani mwanangu anafukuzwa kwa kupiga deki?"

"Hafukuzwi, mama."

"Basi inaitwaje?"

Akakohoa. Akasema familia nyingine zote pale Angers zimeshachukua wanafunzi. Wanatafuta. Ikifika Ijumaa ya wiki ijayo bila nyumba, Nadine atarudi, na muhula wake utakuwa umepotea bure. Akaniuliza kama nyumbani kuna jambo lolote linaloweza kueleza tabia hii. Tabia! Nikamwambia hakuna. Nikakata simu bila kuaga, kitu ambacho sijawahi kumfanyia hata muuza majembe.

Shambani nikamweleza Alvine, nikipaza sauti juu ya mngurumo wa mashine. Akasikiliza mpaka mwisho, mikono inatupa mawe.

"Mwambie huyo bibi amtume kwangu kwa posta. Jiko langu halijaonja deki tangu Pasaka."

Nikacheka, halafu kicheko kikageuka, nikawa nalia na viazi vinanipita. Alvine akafanya upande wake na wangu pamoja, mikono miwili kazi ya minne, mpaka mwisho wa mstari.

Sasa nasema hapa, kwa kuwa hapa hakuna wa kunikatiza. Mwanamke gani analalamika kwa kusaidiwa? Ana moyo wa namna gani? Nimelea mtoto asiyekaa wakati wengine wanafanya kazi, na mtu anaandika barua ya kumshtaki kama ameiba kijiko. Namwona huyo Bi Rabouin: mrefu, mwembamba kama nyumba yake, mdomo umebana. Simpendi.

Ijumaa, 23 Septemba

Mawe matatu yamenipita yakaingia kwenye lori. Clovis ameyaona.

Jumapili, 25 Septemba

Baada ya misa Rosaire akaniambia, "Mpigie."

"Nadine?"

"Huyo bibi. Mpigie mwenyewe. Bi Hartley anaongea na karatasi. Wewe una mdomo."

"Kwa lugha gani?"

Akanitazama kama nimeuliza kwa mguu gani. "Kwa lugha yako, mama. Ni Mfaransa yule."

Ni rahisi kwake kusema. Mimi Kifaransa changu ni kile cha wazee wetu huku Maine, cha jikoni na cha shambani. Nilipokuwa na miaka minane mwalimu alinisikia nikisema Kifaransa uwanjani, kumwambia mdogo wangu afunge kamba za viatu tu, akaniandikisha mara mia kwamba sitasema tena lugha ile shuleni. Wiki iliyofuata mara mia tena. Nilipoacha darasa la sita, baba alidhani nimechoka na hesabu. Na hao wanaotoka Ufaransa kuja kututazama, nimewaona walivyokuja kanisani mwaka ule wa sherehe za mji wetu. Wanatusikiliza wakitabasamu, kama mtu anayemsikiliza kasuku.

Kwa hiyo Kiingereza changu hakitoshi kwa Bi Hartley na Kifaransa changu hakitoshi kwa Bi Rabouin. Mtoto wangu yuko katikati, na mimi sina ulimi wa kumfuata.

Rosaire akasema, "Unaogopa nini? Atakuuma kupitia kwenye waya?"

Jumatatu, 26 Septemba

Mvua tangu asubuhi. Redio ikasoma majina yote, hakuna anayechimba. Nikapiga deki jikoni mara mbili. Saa tano nikachukua ile namba iliyobandikwa ukutani, nikamfukuza Rosaire aende ghalani, nikapiga.

Nilikuwa nimeandika maneno nyuma ya bahasha. Makali.

Ikaitika sauti ya mwanamke, ya chini, ya uchovu. Nikasema haraka, kama mtu anayeruka mtaro: "Bi Rabouin, mimi ni mama yake Nadine, nasema Kifaransa cha kwetu huku, usipoelewa niambie nirudie."

Nikaigeuza bahasha kutafuta neno la kwanza. Kisha akasema, polepole, "Mama, nimekuelewa tangu neno la kwanza. Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema kama wewe. Sijasikia mtu akisema hivyo tangu alipokufa. Endelea, tafadhali."

Basi, nikiwa na bahasha mkononi, maneno makali yote yakawa kama ya mtu mwingine. Nikasoma moja tu: "Mwanangu hakulelewa kuwa mzigo."

"Mzigo? Natamani angekuwa mzigo hata kidogo! Mama Nadine, mume wangu alifariki mwezi wa pili. Meza yangu ina viti vinne. Nilipoomba mwanafunzi sikuomba kwa ajili ya sakafu. Nilitaka mtu wa kukaa mbele yangu. Napika vya watu wawili, halafu mwenzangu anasimama nyuma ya mgongo wangu kama anangoja basi. Nikiweka uma chini nipumue, sahani imeshaondoka!"

"Hata kama hujamaliza?"

"Hata kama nina tonge mdomoni!"

Nilicheka. Sikutaka, ilinitoka tu, maana nilimwona Nadine wazi kabisa, mkono wake ukipita kama mwewe. Nikaziba mdomo. Lakini upande wa pili naye alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyesahau kinavyofanywa.

Akasema, "Nilidhani chakula changu kinamchukiza. Nikabadilisha. Nikampikia sungura."

"Sungura anampenda sana."

"Kweli, alimmaliza. Amesimama!"

Tukacheka tena. Halafu nikamwambia. Nikamwambia ni mimi. Kwamba huku wakati wa mavuno wanaume wanaingia kumi, kumi na wawili, njaa imewashika, na sisi wanawake tuliotoka shamba lile lile tunapakua, tunaongeza, tunakula juu ya sufuria tukiwa wima, kwa sababu ukikaa utainuliwa. Mama yangu alikula hivyo. Nadine ameanza akiwa na miaka tisa. Na kwamba pale uwanja wa ndege nilimfunga maneno shingoni kama medali, asije akaonekana mzigo.

Akasikiliza. Akauliza, bila ubaya, "Na mavuno yakiisha, mnakaa?"

Nikafikiri. Nikafikiri kwa muda mrefu kwa simu ya ng'ambo.

"Mavuno yakiisha inakuja theluji," nikasema.

"Aa," akasema. "Hata mimi nilikuwa hivyo. Nimejifunza kukaa baada ya mume wangu kulala kitandani mgonjwa, hapo nilikaa miezi minne. Sasa sitaki kukaa peke yangu."

Nikamwomba Ijumaa isifike. Akashangaa. Ijumaa ni maneno ya Bi Hartley, yeye aliandika tu kwamba amechoka. Lakini hawezi kuendelea hivi, anasema, bora nyumba tupu kuliko nyumba yenye mtu anayemkimbia. Nikamwambia nipe siku moja niongee na binti yangu. Akasema kesho jioni saa kumi na mbili atakuwa nyumbani. Kwetu itakuwa saa saba mchana.

Bahasha nimeitia jikoni kwenye moto.

Jumanne, 27 Septemba

Mvua imekatika lakini shamba ni tope, mashine haiwezi kuingia. Saa saba kamili nikapiga. Akaitika yeye mwenyewe.

"Mama! Kuna nini? Baba mzima?"

"Baba mzima, mimi mzima. Wewe ndiye nasikia umesimama."

"Bi Hartley amekupigia."

"Amenipigia. Na mimi nikampigia Bi Rabouin jana."

"Wewe? Mama, wewe ulimpigia? Kwa Kifaransa?"

"Ulitaka nimpigie kwa Kichina?"

Hakucheka. Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini ni wewe uliyeniambia. Nimefanya kila ulichoniambia."

"Najua. Nilikuambia vibaya."

Sidhani kama nimewahi kumwambia mwanangu neno hilo tangu nimzae. Nilisikia anavuta pumzi.

"Si hilo tu, Mama," akasema. Na sauti ikaanza kuwa nyembamba. "Nikikaa ananiuliza maswali. Anauliza vizuri, si kwa ubaya. Kwenu mnakula nini, baba anafanya kazi gani, sasa hivi shambani wanafanya nini. Nikifungua mdomo kujibu, machozi yanatangulia. Mikono ikiwa imeshika kitu silii. Nikiiweka juu ya meza haina kitu, yote yanakuja. Sitaki kulia mbele ya mama wa watu aliyefiwa juzi tu. Basi nasimama, naosha. Nikimaliza napanda chumbani, asubuhi napiga deki."

Nilikaa kwenye kiti cha karibu na simu. Kwa maana siku tuliyomzika mama yangu, mimi niliosha vikombe. Niliosha vyetu, nikaosha vya kanisa, nikaenda mpaka kwa jirani nikaosha na vya kwake. Watu wakasema, Lorette ni mchapakazi, hata siku ya kumzika mama yake. Na huyu Nadine alikuwa na miaka saba, alikuwa ananipangusia.

Nikamwambia, "Basi lia ukiwa umekaa."

"Mbele yake?"

"Mbele yake. Na yeye ana wa kumlilia. Mtagawana kitambaa."

Akatoa sauti, nusu kilio nusu kicheko, ile ile aliyokuwa nayo akianguka kwenye baiskeli.

"Na vyombo?"

"Vyombo vimewahi kumkimbia nani?"

"Mama, uliniambia mwenye nyumba akiona sahani chafu—"

"Nadine. Kaa. Vuta kiti, weka makalio, kaa. Akikuuliza maswali jibu moja, mengine mwachie kesho. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Na usiondoe sahani ya mtu ana tonge mdomoni. Hilo hata mimi sikukufundisha."

Hapo alicheka kweli. Halafu akalia, halafu muda ukaisha.

Rosaire aliingia akanikuta bado nimeshika mkono wa simu. Sikumweleza. Alichemsha chai mwenyewe, akaweka sukari nyingi kupita kiasi. Nikainywa yote.

Alhamisi, 29 Septemba

Tumechimba kuanzia saa nne mpaka jua kuzama. Hakuna habari.

Ijumaa, 30 Septemba

Leo ndiyo Ijumaa yenyewe. Jalidi tena, tena nyumbani nikisubiri ardhi ipate joto, macho kwenye simu kama paka kwenye shimo. Saa tatu ikalia.

Bi Hartley. Akasema, sauti yake ina mshangao, kwamba amepata ujumbe kutoka Angers. Bi Rabouin ameondoa malalamiko. Hataki Nadine ahamishwe, tena ameomba asihamishwe hata ikipatikana nyumba nyingine. "Sijui kimetokea nini, Mama Lagassé."

Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha dukani, "Ameketi."

"Samahani?"

"Mwanangu. Ameketi."

Akasema ndiyo, vizuri sana. Hakuelewa, na mimi sikuwa na haja aelewe.

Shambani nikamwambia Alvine, naye akainua jiwe kubwa kama kichwa cha ndama, akalitupa nje ya mashine kwa mikono miwili na kupiga ukelele. Clovis akasimamisha trekta akidhani mtu ameumia.

"Endesha!" Alvine akamwambia. "Mpwa wangu amekaa!"

Clovis akatutazama sote wawili, akaendesha.

Jumapili, 2 Oktoba

Leo chakula cha mchana nilipakua, nikaweka sufuria katikati ya meza, nikavuta kiti nikakaa. Rosaire akashusha kijiko.

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Kuna msiba?"

"Rosaire, kula."

Akala, lakini jicho moja kwangu. Baadaye alitaka chumvi. Chumvi ilikuwa karibu na jiko. Tukatazamana. Miguu yangu yenyewe ilitaka kuinuka, niliihisi. Nikaishikilia. Akaenda akaileta. Aliniwekea mimi kwanza.

Jumanne, 4 Oktoba

Sanduku tupu. Wanasema baridi kali inakuja mwisho wa wiki, na Clovis bado ana viazi vya shamba la kule juu, vyote chini ya ardhi.

Najiuliza kama amekaa kweli au amekaa siku moja kwa kunitii.

Ijumaa, 7 Oktoba

Tumevuna mpaka giza, taa za trekta zikitumulika. Migongo imekufa. Alvine anasema akifa azikwe amelala chali, amechoka kuinama.

Jumamosi, 8 Oktoba

Tumemaliza. Lori la mwisho la Rosaire limeingia ghalani saa kumi, na theluji ya kwanza ikaanza kudondoka saa kumi na moja, nyepesi, kama inaomba radhi. Clovis alitushika mkono mmoja mmoja. Aliniambia, "Mama, mwaka huu umenipa mawe matatu." Kumbe aliyahesabu. Nikamwambia atapata mawili mwakani.

Jumatano, 12 Oktoba

Barua mbili pamoja! Moja ya Nadine, kurasa sita, zimejaa mpaka pembeni, ameandika hata juu ya muhuri. Sijaimaliza bado, naisoma kidogo kidogo kama mtu anayeficha peremende.

Nyingine imeandikwa kwa mkono wa kizamani, wima, wino wa buluu. Nimeinakili hapa, ili isipotee:

"Mama Nadine mpendwa. Jumanne ile, simu yenu ilipokatika, alishuka akavuta kiti kilichokuwa cha mume wangu. Hakujua. Sikumwambia. Ilikuwa supu. Nilimuuliza baba yake anafanya kazi gani, akasema anaendesha lori la viazi, akalia mpaka supu ikapoa. Nikalia na mimi. Tukairudisha jikoni, tukaipasha moto, tukaanza upya. Tulikaa mezani saa mbili nzima. Sasa namjua Alvine, namjua Clovis, najua kwamba viazi havichimbwi vikiwa na baridi. Vyombo tuliviacha mpaka asubuhi, jambo ambalo halijatokea katika nyumba hii tangu vita. Asubuhi alitaka kuamka mapema aviwahi. Nikamwahi mimi."

Nimemsomea Rosaire. Nilipofika pale pa lori la viazi alitoka nje akasema anakwenda kuangalia tairi. Tairi halina tatizo.

Na yule mwanamke mrefu mwenye mdomo uliobana niliyemwandika hapa tarehe 22, nilitaka kuuchana ukurasa ule. Sikuuchana. Nadine akirudi ausome, ajue mama yake anaweza kukosea kwa kurasa nzima.

Jumapili, 16 Oktoba

Theluji imeyeyuka. Nilitaka kumsikia Nadine kabla ya misa, nikapiga saa kumi na mbili asubuhi. Kule ni saa tano.

Akaitika Bi Rabouin, ananong'ona. "Mama Nadine! Habari za mavuno?"

"Yamekwisha, ashukuriwe Mungu, yote yako ghalani. Kwa nini tunanong'ona?"

"Amelala."

"Saa tano?" nikasema. "Saa tano ya mchana?"

"Jana tulicheza karata na jirani yangu, yule aliyekuwa akiuliza namlipa nini. Nadine alimshinda mara nne. Leo Jumapili, nimemwacha. Nimuamshe?"

Mtoto huyu tangu azaliwe sijawahi kumkuta kitandani jua limetoka. Akiwa na homa alikuwa anaamka kuniuliza kama nataka msaada. Nilisimama pale jikoni na simu sikioni, na kitu kilichokuwa kimenikaza kifuani tangu Boston kikaanza kulegea, polepole, kama kamba ya kiatu.

"Mwache," nikasema. "Mwache alale."

Tukaongea sisi wawili. Ananiuliza viazi vyetu tunavihifadhije, namwambia, naye ananieleza anavyofunika maua yake kwa ajili ya baridi. Mwishoni akasema, "Ngoja." Nikasikia viatu vyake kwenye ngazi, taratibu, na waya ukikwaruza ukuta. Akasimama. "Hapa waya unaishia," akanong'ona, "na mlango wake uko wazi. Sikiliza."

Nikasikiliza. Hakukuwa na kitu. Bahari nzima kati yetu na hakuna kitu hata kidogo, si maji, si ufagio, si sahani. Nilisikiliza kitambo.

Rosaire alikuwa amesimama mlangoni na koti la kanisani mkononi. "Anasemaje?"

"Hasemi kitu," nikamwambia.

Akanitazama usoni, akalitundika koti lake kwenye kiti, akakaa kuningoja.